Kinda wa kokatieli ahame akishajua kukoboa

Wafugaji wa kokatieli, yule kasuku mdogo mwenye kishungi, huku Mbeya huuliza sana: kinda atengwe na wazazi akiwa na wiki ngapi? Kwa kawaida ni wiki nane hadi kumi tangu aanguliwe. Ila mimi kalenda siiamini sana. Naangalia mdomo.

Kinda hutoka kiotani akiwa na wiki nne au tano, manyoya kamili, kishungi juu, anaruka. Hapo ndipo wengi wanapoingia mkenge. Ni mkubwa kwa macho, kumbe bado analishwa, hasa na baba, maana mama mara nyingi ameshaanza kujiandaa kutaga tena. Kinda wangu wa kwanza kumtenga alishinda kwenye sahani akidonoa, nikafurahi. Siku ya tatu namshika, mfupa wa kifua umechongoka kama kisu. Alikuwa anachezea punje tu.

Siku hizi nampa mpunga kidogo, kisha nakagua sakafu ya tundu. Nikikuta maganda matupu, anakoboa. Nikikuta punje nzima zimelowa mate, bado. Jioni kabla ya giza papasa gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo: liwe limejaa, na punje uzisikie kidoleni. Kila asubuhi kabla hajala, mpime kwa mizani ya gramu. Kokatieli mkubwa huwa na gramu 80 hadi 100 hivi. Kinda akishuka siku mbili mfululizo baada ya kuhamishwa, mrudishe kwa baba yake bila kuona aibu.

Wakati mwingine wazazi wenyewe huwanyonyoa makinda manyoya ya kichwani na mgongoni, wanataka kutaga tena. Usiwapeleke mbali. Waweke tundu la jirani, waya kwa waya, baba awalishe kupitia nafasi. Makinda wakishatoka wote, ondoa na sanduku la kiota ili jike apumzike.

Baridi ya Juni na Julai, hasa Uyole, Makambako na Njombe, si ya kumhamisha kinda peke yake. Wahamishe ndugu pamoja, funika tundu pande tatu, acha taa hafifu usiku kwa sababu kokatieli hushtuka gizani na kujigonga. Jiko la mkaa lisiingie chumba hicho: hewa yake huua ndege kabla wewe hujaumwa hata kichwa.

Chakula cha siku za kwanza kiwe laini: mahindi mabichi, karoti ya kukwaruza, mchicha, yai la kuchemsha, na ulezi ulioloweshwa ukaanza kuchipua. Parachichi hapana, hata kipande. Najua huku kwetu limejaa kila ua, lakini kwa ndege ni sumu.

Dume na jike wa kiota kimoja watenganishe kabla ya miezi sita, wasije wakapandana.