Kupaka tanga jeupe bila rangi nyeupe: mbinu ya Thomas Girtin, ukiwa Lamu

Ukikaa ukutani pwani ya Lamu jioni na rangi zako za maji, mashua ikapita na tanga limepigwa na jua, mkono unakimbilia rangi nyeupe. Iache. Nyeupe unayo tayari, ni hiyo karatasi, na aliyeifanyia kazi hiyo vizuri kabisa ni Thomas Girtin, mchoraji wa rangi za maji wa Uingereza.

Kabla hujatoka nyumbani tafuta kwa simu picha yake ya mwaka 1800, The White House at Chelsea, ukuze mpaka ile nyumba ndogo ng'ambo ya mto Thames ijae skrini. Nyumba imeng'aa jioni ile mpaka unadhani kuna taa ndani, kumbe pale hakupaka kitu, amepita na rangi pembeni pembeni akaiacha karatasi, na kivuli chake majini vilevile kimeachwa, basi! Kila kitu kingine kimenyamaza ili hiyo nyumba iseme.

Sasa wewe nyumba yako ni tanga. Jioni jua linakuwa nyuma yako na mikoko ya Manda, kisiwa cha ng'ambo, iko mbele, yaani giza la mikoko ndilo litakalong'arisha tanga, kwa hivo subiri chombo kipite mbele ya mikoko, usikichore kikiwa mbele ya mbingu tupu. Chora tanga kwa penseli hafifu, na mstari wa maji, tosha. Karatasi iwe nzito, gramu 300, yenye mikwaruzo kidogo (Girtin alipenda iliyo chafuchafu ya rangi, si nyeupe pe). Rangi tatu zinatosha: manjano ya udongo, nyekundu ya udongo, na nili (buluu iliyokolea). Maji yawe matamu tafadhali, ya bahari yanaacha chumvi na ikipata unyevu karatasi inatota tena.

Koroga rangi ya mbingu nyingi kabla hujaanza maana ikiisha katikati umekwisha, inamisha ubao, shuka kutoka juu ukilizunguka tanga, halafu mkono mfukoni! Usiguse mpaka ikauke, na jioni za Lamu haikauki haraka, kwa hivo piga soga na wenzako. Ikikauka changanya nili na nyekundu nzito uweke mikoko kwa mara moja, bila kurudiarudia. Wachoraji wengi wa kabla ya Girtin walianza na vivuli vya kijivu kila mahali kisha wakapitisha rangi nyepesi juu, ikatoka kama picha iliyougua. Yeye aliweka rangi yenyewe tangu mwanzo, na mimi naona hapo ndipo joto la picha zake linapotoka.

Ukishindwa, nakili, na usione haya. Girtin, mtoto wa mtengeneza brashi, aliyezaliwa 1775 na kupelekwa 1789 kwa mchoraji Edward Dayes kufundishwa kazi, baadaye alikuwa akienda jioni kwa daktari mmoja, Thomas Monro, saa kumi na mbili mpaka saa nne usiku, kunakili michoro ya watu, hasa ya John Robert Cozens. Yeye anachora mistari, mwenzake anapaka, na huyo mwenzake ni Turner, huyo huyo Turner mchoraji maarufu wa Uingereza! Walikuwa vijana rika moja, ila Girtin alikufa 1802 akiwa na miaka 27 tu, Turner akaishi mpaka 1851, ndo maana jina la mmoja linajulikana kila mahali na la mwingine lazima uelezwe.

Picha ikikamilika usiitundike kiwandani (uani) wala mkabala na dirisha. Nyingi za Girtin zimepauka, nili haivumilii mwanga, na lile jua la London halifiki nusu ya hili letu. Weka ndani, nyuma ya kioo, ila karatasi isiguse kioo, la sivyo unyevu utaotesha ukungu.