Kumtafuta Bwana Makati: kufuata ukoo wa Ireland ukiwa Mtwara

Babu yangu mzaa mama, mzungu, watu wa Nachingwea walimwita Bwana Makati. Alikuja na mradi wa karanga, ule wa Waingereza ulioanza 1947 na kufutwa mwanzoni mwa 1951. Kazi yake ilikuwa relini. Akaondoka, bibi yangu akabaki na mimba ya mama. Mimi nina steshenari hapa Mtwara, kutwa naskani vyeti vya watu, na siku moja nikajiuliza mbona karatasi za kwetu sijawahi kuzitafuta. Imenichukua miaka miwili. Wewe huenda ukatumia pungufu ya hapo.

Usianze na intaneti, anza na wazee. Nilipanda basi la Masasi, nikaunganisha hadi Nachingwea na kilo mbili za sukari mkononi, kwa mdogo wake bibi. Shikamoo, marahaba, habari za mikorosho, ndipo tukaingia kwenye maneno. Mzee usimuulize mwaka. Muulize reli ilikuwa imefika wapi, mtoto gani alikuwa ameshazaliwa, mvua zilikuwaje. Na dini ya yule mzungu usiisahau. Bibi mdogo alikumbuka mambo mawili: alikuwa na rozari, na alikasirika sana akiitwa Mwingereza. Basi, hayo mawili yakanielekeza Ireland, tena upande wa Wakatoliki. Halafu akanitolea bahasha kutoka chini ya sanduku. Barua yenyewe ilishaliwa na mchwa, lakini stempu ya Éire, yaani Ireland kwa lugha yao, ilikuwepo, na muhuri wa posta.

Jina lilinisumbua. Makati si jina la huko, ila ukilitamka polepole unamsikia McCarthy. Hiyo "Mac" yao ni kama "bin" yetu, mwana wa fulani, na ile "O" ya O'Brien ni mjukuu au mzao wa fulani. Tafuta kwa kila tahajia: MacCarthy, M'Carthy, Carthy peke yake. Hata hivyo, McCarthy katika kaunti ya Cork ni kama Hamisi Mikindani. Jina peke yake halikufikishi popote. Ireland unatafuta mahali kwanza, hadi kwenye kitongoji, na vitongoji vyao vimepita 60,000.

Muhuri ulisomeka "An Sciobairín". Wiki tatu nikaukosa kwenye ramani. Nikamwandikia mstaafu mmoja wa Cork anayefuatilia koo za huko kurasa mbili nzima: bibi, mapenzi, karanga, machozi ya mama. Kimya. Mwezi uliofuata nikamtumia mistari minne: "Nina bahasha ya mwaka 1950 kutoka Ireland, picha hii hapa. Ukoo ni McCarthy, Wakatoliki. Ramani nimeangalia, mahali hapa sijapaona. Naomba unisomee muhuri." Akajibu jioni ile ile: hicho ni Kiayalandi, mji ni Skibbereen. Tangu hapo kila ninapoomba msaada naomba jambo moja, naeleza nilichokwisha kukiangalia, na naweka picha. Mimi huandika saa mbili usiku. Kwao wakati wa baridi ni saa kumi na moja jioni, mtu ameshika chai.

Ukishapata mahali, ingia irishgenealogy.ie, bure. Utaona kumbukumbu za vizazi vilivyopita miaka 100, ndoa zilizopita 75 na vifo vilivyopita 50. Usajili wa watu wote ulianza 1864. Picha ya rejista ya kizazi inakupa kitongoji, kazi ya baba, na jina la ukoo la mama kabla hajaolewa, ambalo ndilo la thamani kuliko yote. Kaunti sita za Ireland ya Kaskazini zina ofisi yao Belfast, na huko unalipia. Sensa za 1901 na 1911 nazo ni bure, na ile ya 1926, kwa sheria yao ya miaka mia, zamu yake ni 2026. Rejista za parokia za Kikatoliki hadi karibu 1880 zipo registers.nli.ie. Sensa za zamani, za 1821 hadi 1851, nyingi ziliungua Dublin mwaka 1922, na za 1881 na 1891 serikali yenyewe iliziharibu wakati wa vita ya kwanza. Kwa hiyo mtu akitaka kukuuzia sensa ya Ireland ya 1881, funga pochi.

Umri usiuamini sana. Pensheni ya wazee wa miaka 70 ilipoanza 1909, wengi walizeeka ghafla kati ya sensa mbili. Sisi tusiwacheke, tunajua mambo ya tarehe za kuzaliwa.

Kosa langu kubwa lilikuwa haraka. Nilipata wavulana watatu wenye jina lile wilaya ya Skibbereen, nikampenda wa kwanza, nikamchorea mti mzima na kuuprinti kwa rangi. Yule mstaafu akaniuliza: umemtafuta kwenye vifo? Alikufa na miaka miwili. Nikauchana mti mbele ya mteja. Kila unayemdhania, jaribu kwanza kumwondoa. Fomu ya 1911 inasaidia, maana mke aliulizwa amezaa wangapi na wangapi wako hai. Aliyemaliza ubishi kwangu ni mtafiti mwingine aliyelipia tovuti yenye orodha za abiria walioondoka bandari za Uingereza, 1890 hadi 1960. Alinitazamia bila senti: umri, kazi na anwani vikamwangukia wa tatu.

Watu wananiuliza pasipoti. Mjukuu wa mtu aliyezaliwa Ireland anaweza kuomba uraia, lakini wanataka vyeti vinavyoshikana mnyororo, na cha mama yangu hakina jina la baba. Sikuanza kwa ajili hiyo. Ndugu walio hai huko nao nawaendea taratibu. Huenda babu hakuwahi kutamka neno Nachingwea nyumbani kwake.

Fadhila nazo zirudishe. Mstaafu aliniomba picha ya kaburi la mtu wa kwao lililopo Lindi. Nenda na maji na brashi laini, usipake chaki wala kukwangua. Piga asubuhi mapema jua likiwa ubavuni, herufi zinajitokeza. Mimi nilifika saa sita mchana, jiwe likatoka jeupe tupu, ikabidi Jumamosi iliyofuata nipande basi tena.