Kabla ya Kuingia Mikokoni, Mikindani au Msimbati

Jua kwanza mwezi uko siku ya ngapi. Ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, yaani maji hupwa na kujaa kupita siku nyingine, na pwani yetu ya Mtwara maji hupwa sana kwenye saa nne asubuhi hivi, yakajaa kwenye saa kumi jioni. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Ingia maji yakiwa bado yanatoka na ugeuke kabla hayajaanza kurudi. Yakirudi hupitia vijito kwanza, yakakuzunguka kwa nyuma ungali umesimama pakavu. Ukikosea hapa, maandalizi mengine yote hayatakufaa.

Miguuni vaa raba kuukuu za kamba, uzikaze. Kandambili zitabaki topeni, na kwenda peku ni kujitakia, maana mizizi ya mkoko imegandwa na chaza wakali kama wembe. Ile mizizi myembamba iliyosimama wima ni ya mchu, aina nyingine ya mti wa mikokoni. Tope halina hewa, hivyo mti hupumulia huko. Tafadhali usiikanyage ovyo. Chuma jani moja la mchu, utaona upande wa chini una weupe wa kijivu, na mara nyingi chembe za chumvi zimeganda juu yake. Lilambe. Mkoko wenyewe utautambua kwa mbegu inayoota ingali mtini: mche mrefu wa kijani unaoning'inia, ukidondoka huweza kuchomeka topeni na kuanza kukua.

Wanyama wanataka utulivu. Simama kimya dakika chache, kaa wadogo watatoka mashimoni, madume wakipunga gando moja kubwa. Mashimo makubwa usitie mkono. Ukielekea mdomo wa Ruvuma kuna mamba na viboko. Huko usiende bila mwenyeji.

Msimbati iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo andaa kiingilio. Kukata mti, hata fito moja, ni mpaka uwe na kibali. Pitia ofisi ya kijiji, uwaamkie wazee, uulize mvuvi wa kaa wa kukuongoza. Hakuna anayezijua njia zile kumshinda yeye, na muda wake ulipwe vizuri.

Beba maji ya kunywa, kofia, shati la mikono mirefu kwa ajili ya mbu, na simu uifunge isilowe.