Kupunguza mwili ukiwa chuoni Mombasa bila kushinda na njaa

Mwaka wa pili chuoni nilifika kilo 86, na magauni aliyonishonea mamangu hayakunipita mabegani. Nikaanza vibaya. Niliacha chai ya asubuhi na chakula cha mchana, nikanunua majani ya kupunguza mwili kwa msichana wa chumba cha jirani. Wiki mbili nikaharisha, kilo nne zikatoka, na kizunguzungu kikanishika darasani. Nilipoyaacha zikarudi zote, maana nilikuwa nimepoteza maji tu. Kwa hivyo usianze kwa kujinyima. Aliyeshinda na njaa, akipita saa kumi mbele ya viazi karai, atanunua.

Anza na kikombe. Nilikuwa nakunywa chai mara tatu kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu: gramu 36 hivi za sukari kabla sijagusa soda, na soda ya nusu lita mara nyingi ina gramu 50 au zaidi. Nikapunguza nusu kijiko kila baada ya wiki mbili. Leo natia kimoja, na iliki na tangawizi zikikolea sioni upungufu. Kwa joto letu hili, tembea na chupa yako ya maji.

Kisha tazama mafuta. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga au protini 4. Mahamri sikuyaacha. Nilikuwa nala matano na kibakuli kidogo cha mbaazi; sasa nala mawili na mbaazi bakuli zima, nami nashiba mpaka adhuhuri. Tukipika na mwenzangu wa chumba, tui jepesi ndilo la kuivishia, na zito tunatia vijiko viwili vya mwisho, harufu ya nazi ibaki. Sahani yangu ni nusu mboga na kachumbari, robo wali, robo samaki, pojo au maharagwe. Fungu la mchicha pale sokoni Marikiti ni rahisi kuliko sahani ya chipsi.

Ukifunga Ramadhani, hapo ndipo pa kuangalia sana. Mwaka wa kwanza nilinenepa mwezi mtukufu, kwa sababu kaimati na sambusa zilikuwa za kwanza kuingia mdomoni. Sasa nafungua kwa tende na maji, nakunywa uji, naswali Magharibi, ndipo narudi mkekani. Ile dakika kumi na tano hutuliza pupa.

Mazoezi hayakunigharimu kitu. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mwendo wa haraka kwa wiki. Mimi hushuka kwa miguu kutoka Tudor mpaka Marikiti baada ya Alasiri, jua likilegea, na Jumapili twaenda Mama Ngina, kando ya bahari, na wenzangu. Tunatembea kwanza, mihogo baadaye, na sahani moja tunagawana. Usingizi pia usiudharau: wiki za mitihani nikikesha, njaa ya kesho yake haishikiki.

Nusu kilo kwa wiki yatosha, na isizidi kilo moja. Kabla hujaanza, gawanya kilo zako kwa urefu wako wa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Ikitoka chini ya 18.5, huna cha kupunguza. Kama una kisukari au unatumia dawa, au hedhi ikikatika njiani, nenda hospitali kwanza.

Mizani tumia ile ile, asubuhi, mara moja kwa wiki. Mimi hujipima Jumamosi kabla ya chai, kwa mzee mwenye mizani yake kando ya barabara. Miezi kumi imenifikisha kilo 74. Kuna mwezi mzima mshale haukusogea, nikalia. Mzee akaniuliza mshipi wangu naufunga tundu la ngapi, nikatazama, nikaona umeingia ndani matundu mawili.