Jaruba lililotelekezwa deltani: fungua maji kabla ya kupanda mkoko

Kuna picha ambayo kila mtu wa pwani ameiona: watu wamevaa fulana za rangi moja, matope hadi magotini, kila mmoja ameshika mche wa mkoko na anacheka. Mimi nimo katika picha kama hizo, zaidi ya moja. Picha isiyopigwa ni ile ya miezi sita baadaye. Niliporudi sehemu mojawapo nilikuta vijiti vikavu, vingi vimeng'olewa na mawimbi. Tulikuwa tumepanda kwenye tope la wazi ambalo maji hulifunika karibu kutwa nzima. Siku ya kupanda, mzee mmoja mvuvi alituuliza, "Hapa mkoko uliwahi kuota lini?" Hatukumjibu, tulikuwa na miche ya kumaliza.

Siku hizi nikiitwa kijijini naanza na swali lake.

Nazungumzia hasa Delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, penye msitu wa mikoko mkubwa kuliko mwingine wowote Afrika Mashariki. Upande wa kaskazini wa delta, ambako maji matamu ya mto hufika kwa wingi, watu wamefyeka mikoko kwa miaka mingi ili kulima mpunga. Msimu wa kwanza na wa pili shamba hutoa vizuri, maana tope lile lina rutuba. Kisha magugu huzidi, kaa hukata miche, chumvi hupanda, na baada ya miaka michache mkulima husogea mbele na kufyeka pengine. Nyuma yake hubaki jaruba, yaani kipande cha shamba la mpunga kilichozungushiwa tuta, limefunikwa na magugu ya kangaga, wala si shamba wala si msitu. Kwa sheria, mikoko yote ya Tanzania Bara ni hifadhi ya serikali chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kwa hiyo huko kusogea mbele kunaweza kukufikisha mahakamani. Lakini jaruba lililoachwa nyuma ndilo mahali pazuri pa kuanzia kazi, kwa sababu jibu la swali la yule mzee tunalo: mkoko uliota hapo, na aliyeufyeka bado anapakumbuka.

Kwa nini tuhangaike? Usawa wa bahari duniani ulipanda kwa takriban sentimita 20 kati ya mwaka 1901 na 2018, na kati ya 2006 na 2018 ulikuwa ukipanda karibu milimita 3.7 kila mwaka. Mkoko una njia mbili za kukabiliana na hali hiyo. Ya kwanza, mizizi yake hunasa tope na kuinua sakafu ya msitu kidogo kidogo. Ya pili, mbegu huelea na kuota nyuma zaidi, msitu mzima ukahamia upande wa bara kizazi baada ya kizazi. Njia ya kwanza inahitaji tope, na tangu bwawa la Julius Nyerere, lililoko kwenye mto Rufiji wenyewe, lianze kujazwa Desemba 2022, sehemu ya tope la mto inabaki nyuma ya ukuta, kama ilivyo kwa bwawa lolote. Hilo mkulima wa delta hawezi kulibadili. Njia ya pili inahitaji nafasi, na nafasi hiyo mara nyingi imezibwa na tuta alilolijenga mkulima mwenyewe, au bwawa la chumvi, au ukuta wa nyumba. Hapo ndipo tulipo na uwezo.

Sasa kazi yenyewe.

Kabla ya kushika jembe, soma maji. Mikoko huishi kati ya usawa wa katikati wa bahari na mstari wa juu kabisa wa maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu. Chini ya hapo ni mahali pa majani ya bahari, na kupanda mkoko huko ni kuharibu makazi mawili kwa mpigo. Chomeka vijiti ndani ya jaruba na nje yake, sehemu za juu na za chini, kisha uende siku za mwezi mchanga na za mwezi mpevu uweke alama ya mahali maji yalipofika. Rudia wakati wa maji mafu, yanapopanda kidogo tu. Kama nje ya tuta maji yanafika na ndani hayafiki, ugonjwa umeshauona. Kama ndani yanaingia lakini hayatoki, huo ni ugonjwa mwingine, na ni mbaya zaidi: mizizi ya kupumulia huzama na miti hufa imesimama. Maji yakisimama na kukauka juani, chumvi hubaki juu ya udongo na pahali pote pakageuka jangwa.

Kisha tafuta kijito cha zamani. Tuta karibu kila mara limekatiza vijito vilivyokuwa vikileta na kuondoa maji, na wazee wanajua vilipopita. Fungua hapo hapo, si popote panaporahisisha kazi. Anza na upana wa hatua mbili au tatu, ukifanya kazi wakati wa maji mafu. Ukifungua siku ya bamvua mkondo utapasua tuta na kubeba udongo mahali usipotaka. Udongo unaotoka urudishe kwenye mtaro uliochimbwa wakati tuta linajengwa. Na angalia jirani. Kama bado analima mpunga upande wa pili, maji yako yataingia kwake, kwa hiyo jambo hili huanzia kwenye kikao cha kijiji pamoja na kamati ya maliasili na ofisa wa TFS, kabla ya jembe. Nimewahi kuona tuta likifunguliwa kimyakimya usiku na kuzibwa kwa hasira asubuhi.

Baada ya hapo, fyeka kangaga na usubiri. Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu kusubiri hakupigwi picha. Kama miti mama iko karibu, maji yataleta mbegu yenyewe. Yape msimu mmoja au miwili wa mbegu.

Pasipoota kitu, ndipo upande. Chagua aina ya mti kwa mahali: mkoko hasa, ule wa mbegu ndefu, kwenye tope laini linalofikiwa na maji mara kwa mara, mkandaa nyuma yake, mchu sehemu za juu zenye chumvi kali. Mlilana, unaokaa mbele kabisa kuelekea baharini, una mbegu ndogo sana, na mimi huuachia bahari. Mbegu ndefu ya mkoko iliyokomaa huonyesha shingo ya njano karibu na tunda na hutoka kwa kuguswa tu. Ya kung'oa kwa nguvu haijawa tayari. Tupa zenye matundu. Kaa wakiwa wengi, weka mbegu kivulini kwa siku kadhaa zinyauke kidogo, hawatazipenda sana. Chomeka ncha chini, chipukizi juu, isizidi theluthi moja ya urefu, hatua moja kati ya mche na mche. Mbuzi na ng'ombe wazuie, hasa penye mchu.

Mpunga je? Rudi nao juu, kwenye mashamba yanayopata maji ya mvua na ya mto bila ya bahari. Mpunga huanza kupoteza mavuno hata kwa chumvi kidogo.

Wa milimani nao wamo katika habari hii. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka mashamba ya juu hadi mkondo wa Mwache, karibu na Mombasa, ukafukia mizizi ya kupumulia na mikoko mingi ikafa. Tope kidogo ni chakula, tope la ghafla ni kaburi.

Wengi huniuliza kuhusu fedha za hewa ya ukaa, yaani malipo kwa msitu unaoihifadhi hewa hiyo. Zipo: Gazi, kaunti ya Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hifadhi hiyo ya ukaa tangu 2013 na mapato yamekwenda kwenye maji na shule za vijiji. Lakini msitu wao wa mradi ni hekta 117 zilizokwisha kusimama na kulindwa na wenyeji. Jaruba lako lililofunguliwa juzi halina cha kuuza bado, na anayekuahidi malipo msimu huu mwulize maswali mengi.

Jambo la mwisho ni mstari wa juu. Maji makubwa kuliko yote ya mwaka huja kwenye bamvua za karibu na Machi na Septemba. Siku hizo chomeka kijiti imara mahali maji yanapokomea, kisha pima hatua kadhaa kwenda bara na mkubaliane kijijini kwamba hapo katikati hapajengwi tuta wala nyumba. Mwaka unaofuata rudi kwenye kijiti kile kile, uone maji yamekipita kwa kiasi gani.