Bastola iliyotumika Tanga: tazama kutu kabla ya bei

Anza na bei ya mpya ya aina ileile dukani, kisha shusha kwa kila kasoro. Hewa ya chumvi ya Tanga hula chuma, kwa hiyo usihadaike na mng'ao wa nje. Toa magazini (kibweta cha risasi), hakikisha chemba, tundu risasi inamokaa tayari kufyatuliwa, haina risasi, vua slaidi (sehemu ya juu inayoteleza), mulika tochi ndani ya mtutu: mifereji inayoizungusha risasi iwe na kingo kali. Vishimo vya kutu havitoki kwa kusugua, na mtutu mpya ni ghali. Springi iliyolegea si neno, hubadilishwa. Rangi iliyochujuka mdomoni mwa mtutu ni mikwaruzo ya ala, mfuko wa bastola, tu. Namba ya utambulisho ya bastola imekwanguliwa? Hiyo haina bei, achana nayo. Umiliki huhama kwa kibali cha polisi, si kwa karatasi ya mauziano.