Namna ya kutumia kizidishi cha marekebisho unapopima nguvu farasi za gari lililotyuniwa

Gari lilelile, likiwa na mafuta yaleyale na programu ileile ndani ya kompyuta ya injini, linaweza kupandishwa juu ya dainamomita, mashine yenye rola inayopima nguvu kwenye magurudumu, asubuhi yenye ubaridi na kutoa namba moja, kisha likarudishwa mchana wa jua kali na kutoa namba ndogo zaidi. Hakuna kilichoharibika. Injini hupumua, na hewa ya mchana ni nyepesi kuliko ya asubuhi, kwa hiyo kila silinda inapojaa huwa imepata oksijeni kidogo zaidi ya kuunguzia mafuta. Kizidishi cha marekebisho kiliwekwa ili kuondoa tofauti hiyo: ni namba inayozidishwa na nguvu iliyopimwa ili kukadiria injini ingetoa kiasi gani kama ingepimwa katika hewa ya kiwango kilichokubaliwa. Kinasahihisha hewa peke yake. Hakisahihishi injini iliyokolea joto, tairi linaloteleza juu ya rola, wala fundi aliyebadilisha gia kati ya jaribio moja na jingine, na karibu makosa yote nitakayoyataja hapa yanatokana na kukitwika kazi isiyo yake.

Kabla ya kuwasha injini, chagua kiwango kimoja na ukiandike. Programu nyingi za dainamomita hutoa orodha ya viwango, na kila kimoja kina hewa yake ya marejeo. SAE J1349, cha wahandisi wa magari wa Marekani, hutumia nyuzi 25 za Selsiasi na mgandamizo wa hewa kavu wa hektopaskali 990. ISO 1585 hutumia marejeo hayohayo ingawa kanuni yake imeandikwa kwa namna nyingine. DIN 70020 cha Ujerumani hutumia nyuzi 20 na hektopaskali 1013, tena bila kuondoa unyevu. Kile ambacho programu nyingi hukiita STD kinatokana na kiwango cha zamani, SAE J607, chenye hewa baridi na nzito zaidi, yaani takriban nyuzi 15.5 na hektopaskali 1013 za hewa kavu. Kwa kuwa hewa yake ya marejeo ni bora, STD hutoa namba kubwa kuliko J1349 kwa takriban asilimia 3 hadi 4 bila gari kubadilika hata kidogo. Ndiyo maana hupendwa na wenye kuuza tyuni (marekebisho ya kuongeza nguvu ya injini), na ndiyo maana nguvu farasi zilizoandikwa bila jina la kiwango hazilinganishiki na namba nyingine yoyote.

Vitu vitatu vinahitajika ili kukokotoa kizidishi: joto la hewa inayoingia kwenye injini, mgandamizo wa hewa wa mahali pale ulipo, na kiasi cha mvuke wa maji uliomo hewani. Mvuke huhesabiwa kwa sababu huchukua nafasi ya hewa yenye oksijeni, kwa hiyo mgandamizo wake hutolewa kwenye mgandamizo wa jumla na kinachobaki ndicho mgandamizo wa hewa kavu.

Kanuni inayotumika sana kwa J1349 ni hii:

K = 1.18 × (990 ÷ P) × √((T + 273) ÷ 298) − 0.18

P ni mgandamizo wa hewa kavu kwa hektopaskali na T ni joto kwa Selsiasi. Namba 1.18 na 0.18 huwashangaza wengi, lakini maana yake ni rahisi. Kanuni inachukulia kwamba katika hewa ya marejeo asilimia 85 ya nguvu inayozalishwa ndani ya silinda hufika kwenye ekseli ya injini na asilimia 15 huliwa na msuguano, na kwamba msuguano huo haupungui kwa sababu tu hewa imekuwa nyepesi. Gawanya 1 kwa 0.85 utapata 1.18, na 0.15 kwa 0.85 utapata 0.18. Kinachosahihishwa, kwa hiyo, ni nguvu ya ndani ya silinda, halafu msuguano unatolewa kama ulivyo.

Tuchukue siku ya joto karibu na usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa ni hektopaskali 1005, joto ni nyuzi 32, unyevu ni asilimia 70. Katika nyuzi 32 hewa iliyoshiba mvuke hubeba mgandamizo wa mvuke wa takriban hektopaskali 47.6, na asilimia 70 yake ni 33.3. Hewa kavu, basi, ni 1005 kutoa 33.3, yaani 971.7. Gawanya 990 kwa 971.7, upate 1.0188. Kipeuo cha pili cha 305 ÷ 298 ni 1.0117. Zidisha hizo mbili, kisha zidisha kwa 1.18, toa 0.18, na K inakuwa 1.036. Gari lililopima nguvu farasi 200, kwa kifupi HP 200, linaandikwa kuwa na HP 207. Hewa hiyohiyo ikipitishwa kwenye DIN 70020 inatoa takriban HP 206, na kwenye STD takriban HP 214. Fanya hesabu hii kwa mkono mara moja tu kabla ya kuiamini programu. Ukiona programu inatoa kizidishi kilicho mbali na chako, kuna namba mbaya imeingizwa mahali fulani, na afadhali uijue mapema.

Namba mbaya mara nyingi hutoka kwenye sensa ya joto. Nimeona sensa iliyofungwa kwenye nguzo nyuma ya rejeta, pale ambapo feni inasukuma hewa iliyokwisha kupita kwenye injini inayochemka. Rudi kwenye mfano wetu: hewa halisi ni nyuzi 32, sensa inasoma 45. Hata tukiacha mgandamizo wa hewa kavu ulivyo, kizidishi kinapanda kutoka 1.036 hadi 1.062, na gari limeongezewa HP 5 za bure. Hali huwa mbaya zaidi pale programu inapochukua unyevu wa asilimia 70 uliosomwa na kifaa kingine chenye kivuli na kuuchanganya na joto lile la nyuzi 45, kwa sababu katika joto hilo asilimia 70 ya mvuke ni kiasi kikubwa mno, takriban hektopaskali 67. Kizidishi kinafika 1.107 na karatasi inaandika HP 221. Nguvu farasi 14 zimezaliwa na waya uliofungwa mahali pabaya. Weka sensa karibu na mdomo wa bomba la kuingizia hewa, nje ya njia ya joto la rejeta na ekzosi, na uhakikishe joto na unyevu vinasomwa mahali pamoja.

Kosa la pili ni la mgandamizo. Taarifa za hali ya hewa hutoa mgandamizo uliorekebishwa hadi usawa wa bahari, ili ramani ya nchi nzima isomeke, wala si mgandamizo wa mahali uliposimama. Kwenye kimo cha mita 1500 mgandamizo halisi katika angahewa ya kawaida ni karibu hektopaskali 846, ilhali taarifa itaendelea kusema kiasi cha 1013. Ukiingiza namba hiyo ya pili, utakuwa umefuta athari yote ya kimo. Tumia baromita iliyopo chumbani, ambayo haijawekewa marekebisho ya kimo.

Kimo kinatufikisha kwenye mpaka wa kizidishi chenyewe. ISO 1585 hukubali kizidishi cha injini za petroli kikiwa kati ya 0.93 na 1.07 tu, nje ya hapo kipimo hakihesabiwi kuwa halali kwa kiwango hicho. Katika mita 1500, nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 50, kanuni ya J1349 inatoa takriban 1.21. Ni umbali mkubwa kutoka 1.07, na kila kosa dogo la sensa au la dhana linakuzwa pamoja na namba. Kwa injini isiyo na turbo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa ndani ya injini), kizidishi kama hicho bado kina maana fulani kama makadirio, mradi uiite makadirio na uweke namba ghafi, yaani iliyopimwa kabla ya kuzidishwa, kando yake. Kwa injini yenye turbo mambo ni tofauti kabisa, na hapo ndipo ninapoona karatasi nyingi zikipotosha.

Turbo haiingizi hewa ya mazingira kama ilivyo. Huisukuma hadi ifikie presha iliyowekwa. Chukua gari ambalo kompyuta yake inalenga presha ya jumla ya kilopaskali 200 (sawa na hektopaskali 2000) ndani ya manifoldi, bomba linalogawa hewa kwa silinda. Usawa wa bahari turbo inazidisha hewa ya nje karibu mara 2. Mita 1500 juu, inazungushwa kwa kasi zaidi na kuzidisha karibu mara 2.4, lakini injini inapokea kilopaskali 200 zilezile. Kuna hasara, kwa sababu hewa inatoka kwenye turbo ikiwa na joto zaidi na moshi unakutana na upinzani zaidi, ila si hasara ya kulipwa kwa nyongeza ya asilimia 21. Gari hilo likipima HP 300 na programu ikalibandika 1.21, karatasi itasema HP 363, na ukilishusha hadi usawa wa bahari ukalipima tena, sehemu kubwa ya hizo 63 hutaiona.

Lipo pia gari ambalo turbo yake inadhibitiwa na springi ya wesgeti (vali inayopunguza moshi unaozungusha turbo) peke yake, isiyojua presha ya jumla bali tofauti kati ya ndani na nje. Likiwekewa kilopaskali 100 juu ya hewa ya nje, usawa wa bahari manifoldi ina takriban 201 na katika mita 1500 ina takriban 185. Presha ya nje imeshuka kwa zaidi ya asilimia 16, ya ndani kwa asilimia 8 tu. Kizidishi kamili kinalipa karibu maradufu ya kilichopotea. Kompresa inayozungushwa na mkanda wa injini ni kisa kingine: uwiano wake wa kusukuma hufuata mzunguko wa injini, hivyo hewa ya nje ikipungua ya ndani nayo hupungua kwa kiasi kinachokaribiana, na kizidishi cha kawaida huifaa zaidi kuliko kinavyoifaa turbo. Injini za dizeli zina kanuni zao ndani ya ISO 1585. Usizitumilie kanuni ya petroli.

Kwa hiyo, unapopima gari la turbo, rekodi presha ya jumla ya manifoldi na joto la hewa baada ya kipoza hewa katika kila jaribio, kutoka kwenye kompyuta ya injini. Presha ikiwa ileile kabla na baada ya tyuni ilhali baromita imebadilika, sehemu ya kizidishi inayohusu mgandamizo haina haki ya kuwepo. Mimi huandika namba ghafi kwanza, hali ya hewa pembeni, na kizidishi hukiacha kwenye 1 isipokuwa mteja ameomba namba ya kiwango maalumu, na hata hapo namba ghafi haiondoki kwenye karatasi.

Kulinganisha kabla na baada ndiko wateja wengi wanakokulipia, na dawa bora ni kupunguza haja ya kizidishi. Pima gari siku moja, kwenye mashine moja, katika gia moja, matairi yakiwa na upepo uleule na mikanda ya kufungia ikiwa imekazwa sawasawa, kwa sababu mkanda ukikazwa zaidi tairi hubonyea zaidi juu ya rola na kula nguvu. Subiri joto la maji, la oili na la hewa inayoingia lirudi mahali palepale kabla ya kila jaribio. Fanya majaribio 3 ya kabla, na kama yanatofautiana kwa zaidi ya asilimia 1 au 2, tafuta sababu kwanza. Hakuna kizidishi kitakachotibu vipimo vinavyorukaruka. Kompyuta ikirudisha nyuma taimingi (wakati wa kupiga cheche) kwa sababu injini inagonga, yaani mafuta yanajilipukia yenyewe, katika joto, nguvu itashuka kuliko kanuni inavyotarajia, na hilo ni tatizo la kurekebisha kwenye tyuni yenyewe.

Usichanganye kizidishi cha hewa na makadirio ya hasara ya giaboksi na difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu). Baadhi ya programu huongeza asilimia fulani ili kupata nguvu ya injini kutoka nguvu ya magurudumu, na zikipandana na kizidishi cha hewa hakuna anayejua tena kilichopimwa. Angalia pia kizio: nguvu farasi ya Kiingereza ni wati 745.7, ile ya kimetriki inayoandikwa PS ni wati 735.5, na tofauti hiyo ya asilimia 1.4 pekee inatosha kumpa mtu HP 3 kwenye gari la 200.

Mteja akikuletea karatasi ya mashine nyingine, tafuta kizidishi kilichotumika. Kwa kawaida huchapwa kwa herufi ndogo chini ya mchoro au karibu na tarehe. Kikiwa STD 1.072 na nguvu ikiwa HP 214, gawanya 214 kwa 1.072, upate takriban HP 200 ghafi, kisha zidisha kwa kizidishi cha kiwango unachokitumia wewe ukikikokotoa kutoka hewa ya siku ile, kama imeandikwa. Ikiwa karatasi haina kizidishi wala hali ya hewa, iweke kando na upime gari upya kabla ya kugusa chochote kwenye programu yake.